Komunike Isiyo na Jina

Katika kijiji kile kidogo nyuma ya Lusangi, habari haikuwa habari mpaka Consolée aipitishe. Alikuwa mkulima wa karanga kama wengine, ila mwaka mmoja alipewa megafone ya kuita watoto kwenye chanjo, na hakuna aliyekuja kuichukua tena. Chanjo, msiba, mbuzi aliyepotea, yote yalipita kinywani mwake. Na kila tangazo alilimaliza vilevile: "Mimi Consolée nimesema." Watu walizoea kungoja maneno hayo matatu. Wakiyasikia, ndipo wanainuka.

Mwezi ule shule ilijaa wakimbizi kutoka upande wa Salamabila, ambako watu wenye bunduki walikuwa wameingia vijijini. Cadette, mdogo wake wa tumbo moja, alifika nao, mtoto mchanga mgongoni. Consolée alimchukua nyumbani. Walilala mkeka mmoja, mtoto katikati.

Alhamisi asubuhi shefu wa kijiji akaja na karatasi, komunike ya kutangazwa.

"Wakubwa wanasema usalama umerudi. Wakimbizi warudi kwao, shule ifunguliwe. Soma vile iko, mama. Usiongeze kitu."

Consolée aliisoma mara mbili. Jana yake tu Djuma, mwenye pikipiki, alikuwa amemwambia kwamba kuvuka daraja la njia ya Salamabila haendi, hata abebwe mgongoni.

"Shefu, nani alifika kule akaona?"

"Karatasi iko na muhuri."

"Muhuri ndio ulifika kule?"

Shefu akacheka kidogo, kisha akaacha. "Mama Consolée, nisaidie. Mimi pia nimetumwa tu."

Wakaenda pamoja mpaka kwenye kiwanja cha shule, shefu akisimama karibu naye kabisa. Consolée akasoma. Julienne, jirani yake muuza chikwanga, ile mikate ya muhogo, akapaza sauti: "Shefu! Bibi yako na watoto ulipeleka Kasongo, bado hawajarudi. Wao hawajasikia komunike?"

Watu wakacheka, hata waliokuwa na njaa. Consolée akafika mwisho wa karatasi, na kwa mara ya kwanza hakusema jina lake. Akazima megafone, akatazama nyuso zao. Alidhani watasikia pengo lile kama mtu anayekanyaga mahali pasipo na ngazi. Kumbe walikuwa wamekwisha inama, wanakunja mikeka. Siku ya tatu hiyo shuleni hapakuwa na unga, na karanga zao zilikuwa zinaoza shambani.

Shefu akampeleka kusoma kwenye vitongoji vingine. Aliporudi jua lilikuwa limelala, na nyumbani alimkuta Nadine, binti yake mkubwa, ameketi mlangoni peke yake.

"Mama mudogo Cadette iko wapi?" Consolée akauliza.

"Amekwenda. Alikuwa mutoni anafua nguo za mutoto, watu wakamupitia. Walimuambia, yaya yako Consolée amesema turudi. Akasema, kama ni yaya amesema, basi." Nadine akaonyesha jikoni. "Amekuachia sombe. Amesema usikasirike, alikungojea sana, lakini wenzake walikuwa wanamuacha."

Sufuria ya majani yale ya muhogo ilikuwa imefunikwa kwa jani la mgomba, bado ya moto kidogo.

Consolée alikimbia mpaka darajani. Aliita jina la mdogo wake kwa megafone kuelekea ng'ambo. Aliita mpaka mawe ya megafone, zile betri zake, yakaisha nguvu, akabaki na sauti yake mwenyewe, ambayo haifiki mbali.

Jumapili wachache walirudi, miguu mitupu. Vijiji vimechomwa, walisema. Cadette walimwona njiani, kisha zikalia bunduki, kila mtu na upande wake. Hakuna aliyemwona tena, wala mtoto.

Jumanne shefu akaja na karatasi nyingine na mawe mapya ya megafone. Hakumtazama usoni.

"Wanasema watu watulie, hali inafuatiliwa. Mama, safari hii useme na jina yako mwishoni. Bila hivyo hawatatoka nje."

Kumbe na yeye siku ile alilisikia pengo.

Consolée akapita kati ya nyumba, akasoma. Milango ilibaki imefungwa. Alipofika mwisho akavuta pumzi. "Mimi..."

"Acha, mama," Julienne akasema kutoka ndani, polepole, bila hasira. "Jina yako tulikwisha kuisikia."

Akarudi nyumbani. Sufuria ya Cadette ilikuwa bado imefunikwa pale jikoni. Sombe ilikuwa imechacha siku nyingi, na Nadine alikuwa amekatazwa kuimwaga.