Mwiba wa Mahona, Njia ya Kwihara

Mahona alikuwa mhunzi pale Ng'ambo, enzi za Mwingereza. Mtu wa makamo, mwenye viganja vikubwa hata kuku wa jirani alitaga kwenye kimojawapo akidhani ni kiota. Anayebisha na abishe, kuku mwenyewe namfahamu.

Mkewe Josepha alifariki masika. Mahona alimzika, akapokea pole za watu, akarudi kufua majembe. Chozi halikumtoka. Si kwamba alijikaza, alikuwa amekufa ganzi. Uji wa moto na wa baridi kwake ulikuwa mmoja. Siku moja kaa liliruka kutoka kwenye moto wake likamtua juu ya mguu. Sisi majirani tulisikia harufu, tukajua leo kuna nyama, tukaja na ugali wetu. Tukamkuta anautazama mguu kama ni wa mtu mwingine.

Aliyekuwa akimpikia ni shemeji yake, Paskazia, mdogo wa Josepha.

"Shemeji, dada yangu alikuwa mkeo au mpangaji wako?"

"Mke wangu."

"Basi mlilie hata kidogo. Watu wanaona."

"Nataka, Paskazia. Haiji. Nikimtaja ni kama namtaja mtu wa Nzega nisiyemjua."

Kiangazi kikaingia. Serikali ikatangaza mbio za sikukuu ya mfalme, kutoka bomani hadi Kwihara na kurudi, zawadi blanketi. Jioni vijana wa reli wakawa wanapita mbio mbele ya banda la Mahona. Aliyetangulia ni Tobias, mchochea moto wa treni, kitambaa chekundu kichwani. Mahona akawasimamisha.

"Mkikimbia mnasikia nini?"

"Kifo, mzee," Tobias akasema huku anahema. "Mbavu zinachoma, miguu inawaka."

"Basi na mimi nitakimbia."

Tangu awe mtu mzima hakuwahi kukimbia ila mvua. Siku ya kwanza aliishia Kanyenye, akatapika kando ya kibaraza cha Shomari muuza duka.

"Nani anakufukuza?" Shomari akamuuliza.

"Hakuna."

"Basi kaa upumzike. Akija nitakwambia."

Kesho yake akaenda tena, na keshokutwa. Akazoea, mpaka ikafika mahali kivuli chake kinaketi njiani kupumzika na yeye anaendelea. Akirudi, Paskazia anampa maji na kumuuliza kama amesikia chochote.

"Jasho."

"Jasho linauma?"

"Jasho tu."

Sasa, marehemu baba yake Mahona alikuwa mpagazi, alibeba pembe mpaka Bagamoyo, akamlea mwanawe kwa sheria za msafara. Iliyo kubwa ni hii: kilongozi, yule anayetangulia na kilemba chekundu, hapitwi na mtu. Akisimama, wote mnasimama. Ukimpita, unatozwa faini ya mshale wako mmoja.

Siku ya mbio watu wakajaa bomani. Wakimbiaji wote miguu mitupu. Kufika Kwihara na kugeuka, mbele alikuwa Tobias, nyuma yake Mahona, wengine mbali kabisa. Mahona alikuwa na pumzi ya kumpita, lakini akabaki pale pale kwenye kisigino chake. Ghafla Tobias akashika tumbo, akakatia kichakani. Mahona akasimama njiani, akageuzia kichaka mgongo kwa heshima.

"Mzee, nenda," Tobias akasema kutoka huko huko.

"Nakungoja."

"Nenda, umeshinda. Mimi maharage yamenikamata."

"Umejifunga chekundu. Siwezi kukupita."

"Hii ni ya jasho tu, mzee wangu."

"Sawa. Maliza, nakungoja."

Wenzao wakawafikia, wakawapita wakicheka. Akapita hata Elieza, mpishi wa misheni, mnene, ambaye alikuwa anatembea tangu bomani.

Katika kusimama kule, kisigino cha Mahona kikaanza kumwita. Alikuwa amekanyaga mwiba wa mgunga, mbali huko nyuma, na miguu ikiwa mbioni hakuusikia. Akaketi chini. Kila kiangazi Josepha ndiye aliyekuwa akimtoa miiba, jioni, mguu mapajani, sindano mkononi, matusi mdomoni.

Tobias akatoka kichakani. "Nikutoe mwiba?"

"Usiguse."

Wakarudi hivyo, kilongozi mbele, Mahona anachechemea nyuma, wa mwisho kabisa. Watu bomani wakacheka mpaka wakachoka. Mahona akashika njia ya Ng'ambo na mguu wake uliovimba. Wanaosema treni ya Mwanza iliupigia honi wanazidisha kidogo.

Nyumbani, Paskazia alikuwa ameshasikia habari za mbio. Akamkalisha, akachukua sindano.

"Lete mguu, shemeji."

Akauweka mapajani, akaugeuza kwenye mwanga wa jua la jioni.

"Mguu gani huu," akasema. "Kwato."

Maneno yale yale ya dada yake. Mahona akauvuta mguu kidogo.

"Panauma?"

"Panauma."

Paskazia akagusa kwa ncha ya sindano. Mahona akamshika mkono.

"Uache," akasema. "Uache mpaka kesho. Leo nasikia."

Paskazia akaichomeka sindano kwenye kanga yake. Mguu hakuuteremsha.