Jeneza Nililolibeba Bergen

Aibu nyingine mtu huificha akafa nayo, lakini hii yangu ilishuhudiwa na mama yangu mzazi, na mama yangu mzazi hana jambo alijualo likalala, kwa hiyo ni heri niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwenye harusi ya watu, maana ikifika huko itakuwa imeshatiwa chumvi na ndimu juu.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kutoka kwetu Mji wa Kale, Mombasa, kwenda Makadara kwangu ni matembezi, kwenda Tononoka ni safari, na Liwatoni nilikwenda mara moja nikarudi nikaumwa homa. Mke wangu Zuhura husema lile jiwe la baraza limeingia shimo pale nikaapo (si kweli, shimo lilikuwapo tangu zamani, mimi nililikuta tu likanifaa).

Sasa mtu kama huyo alifikaje Ulaya? Sababu ni mdogo wangu Saidi. Saidi alikuwa baharia katika meli za Wanorwe wakati wa vita, na vita vilipokwisha wenzake walirudi na baiskeli na mablanketi, yeye akarudi na habari: amependa msichana huko kwao, katika mji wa bandari uitwao Bergen, jina lake Marit, na baba wa msichana, Mzee Nils, fundi wa mashua, hakukubali wala hakukataa, alisema tu, "Mtu hatoki mwambani kama koa. Niletee watu wako niwaone." Mama alipoambiwa maneno hayo alisema huyo mzee ana adabu zake, na kwamba hatatuma mtu, atakwenda mwenyewe. Baba yetu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mkuu wa posa nikawa mimi, nitake nisitake. Nahodha wa Saidi akatupa mimi, Mama na Zuhura chumba katika meli ya shehena, na Mama akawaaga majirani kwamba twenda kupumzika kidogo, kana kwamba twavuka kivuko kwenda Likoni.

Ya njiani sitawasimulia (nilitapika kutoka Kilindini, na wapo wasemao nilianza kabla kamba hazijafunguliwa). Bergen ni mji mzuri, nadhani. Nasema nadhani kwa sababu siku zote za mwanzo niliuona kupitia kioo cha dirisha kinachotiririka maji. Mvua ya huko si kama masika yetu, inayokuja na hasira zake ikakupiga ikaenda. Ile ni mvua iliyoajiriwa, inaingia kazini asubuhi na hakuna anayeipa ruhusa ya kutoka. Nyumba zao ni za mbao, zimebanana mlimani, vichochoro vyembamba kama vyetu, ila vyetu havipandi kwenda mbinguni. Saidi alitupangia vyumba katika kichochoro kimoja na wakwe zake, wao wakiwa juu na sisi chini, na alipotaka kutuonyesha nyumba yenyewe Mama akamkatiza.

"Hatuonyeshwi nyumba wala mwana kabla ya siku ya posa," alisema. "Wataka watuone twachungulia kama wezi?"

Basi hatukuonyeshwa.

Siku ya posa ikafika. Asubuhi Saidi, akienda kazini bandarini, aliniita pembeni akanishika mkono.

"Kaka, alasiri naja kuwachukua. Mpaka nije, nakuomba, usifanye jambo."

"Jambo gani?"

"Lolote. Mzee yule akiona kioja kimoja tu, Marit sina. Na bila Marit, Kaka, mimi sijui nitaishije."

Nilimcheka. Mimi, nifanye jambo! Mimi ambaye uhodari wangu wote ni wa kutofanya! Nikarudi kitandani.

Lakini adhuhuri ilipopita Zuhura akaanza. "Bwana mkubwa, umevuka bahari zote hizi uje kulala? Hata kuku hufunguliwa akanyoosha mguu."

"Mvua inanyesha."

"Na kwetu jua lawaka, mbona hutoki?"

Mama alicheka mpaka ushungi ukamdondoka, nami nikaona mambo ya kuchekwa na wanawake wawili katika chumba kimoja hayavumiliki, nikavaa kanzu yangu ya posa, juu yake koti zito la Saidi lililomeza mikono yangu yote miwili, nikatwaa mwavuli nikasema nafika hapo kwenye kona narudi. Kona tu! Jamani, mtu akikwambia anafika hapo kwenye kona, mzuie.

Pale kwenye kona nikawaona. Wanaume wamevaa makoti meusi na kofia nyeusi, wamebeba mabegani sanduku refu, jembamba, limefunikwa turubai jeusi kwa ajili ya mvua, wanapanda taratibu, vichwa chini, hakuna asemaye neno. Nyuma yao wazee wengine na miavuli myeusi, na huko chini kengele ya kanisa inalia. Sasa niambieni nyinyi, mngesema ni nini?

Na mimi ni mtoto wa Mji wa Kale. Kwetu jeneza likipita, kinyozi humwacha mtu nusu kichwa kimenyolewa, muuza duka huacha mizani inaning'inia, kila mwanamume hukimbilia kutia bega, hatua chache tu, mwingine akupokee, thawabu umeshapata. Wala haulizwi nani amekufa. Hiyo huulizwa ukishashika. Moyoni nikajadiliana kidogo, kwamba huyu si wa dini yangu, kisha nikaona maiti wa watu ni maiti wa watu, na mvua kama ile, na mlima kama ule, na yule mzee aliyeshika pembe ya nyuma amekuwa mwekundu kama nyanya. Nikafunga mwavuli, nikamgusa bega, nikamwonyesha kwa ishara: nipe.

Alinitazama kuanzia kofia mpaka viatu. Akasema neno, akatabasamu, akanipa. Kisha (hapa ndipo ningeshtuka, lakini sikushtuka) akaenda nyuma akawasha kiko chake. Nikasema moyoni, huzuni ina namna nyingi.

Nikahesabu hatua zangu nikageuka kumtazama wa kunipokea. Hakuna. Nikageuka tena, nikakohoa, nikafanya uso wa mtu aliyeshiba thawabu. Wale wa nyuma wakanipungia mikono kunitia moyo! Kumbe wenzetu ukishika umeshika. Na sanduku lenyewe zito, bwana we, nikasema marehemu huyu alikula dunia, na mawe ya njia yanateleza, na viatu vyangu vya makubadhi vinanywa maji, na kila nikiyumba kitu ndani kinalia, ting. Sikupenda ile ting. Lakini nilijiambia labda hawa huzikwa na vijiko vyao.

Tukapita chini ya dirisha letu. Dirisha likafunguka.

"Athumani!" Ni Mama. "Ni nani kafa?"

Pumzi sina, mvua yanimiminikia mdomoni, nikajibu neno moja lililoniwezekana: "Jirani!"

Sikujua neno moja lina miguu mirefu hivyo. Mama, jirani afe yeye amekaa ndani? Nilisikia nyuma yangu mlango ukibamizwa, na nilipogeuka niliona buibui mbili zinapanda mlima, za Mama na Zuhura, kwa mbali, kwa adabu, maana kwetu wanawake hawafuati jeneza, wao hwenda nyumba ya matanga, na walichokuwa wakifuata wao ni nyumba.

Nyumba tukaifikia, juu kabisa. Tukaingiza sanduku sebuleni tukalisimamisha ukutani (wanawasimamisha! nikasema kila watu na mila zao). Nikatazama meza: kitambaa cheupe, mishumaa, maua, keki kubwa iliyopakwa malai nyeupe, vikombe vimepangwa. Nikaona khitma ya hawa haina mchezo. Nikatengeneza uso wa msiba, nikawapita mmoja mmoja nikiwashika mkono na kuwapa pole kwa Kiingereza changu cha shule, kwamba Mungu awape subira, kwamba sote njia yetu ni hiyo, nao hawakujua Kiingereza hata chembe, wakanitikisa mkono kwa furaha, mmoja akanipiga mgongoni. Nikawaonea imani. Wameshapita kulia, nikasema, wamefika kwenye kucheka.

Hapo Mama akaingia. Akamwona mama mwenye nyumba, mtu mnene mwenye mashavu mazuri, amesimama mlango wa jikoni na birika, akamwendea moja kwa moja akamkumbatia birika na yeye, akaangua kilio.

"Dada yangu! Dunia mapito, dada yangu!"

Yule mama hakujua anafiwa na nani, lakini kilio cha Mama kina nguvu, hakuna aliyewahi kukistahimili hata kwetu, naye akaanza kulia. Zuhura akaketi sakafuni akalia. Wale wanaume wakavua kofia. Msichana mmoja mwenye nywele za rangi ya majani makavu akaja mbio kutoka jikoni, akaona, akajishika mdomo. Sebule nzima ikatanda simanzi, na kwa mara ya kwanza tangu pale kwenye kona nikaona msiba umekaa sawa.

Ndipo marehemu akagonga.

Gooong.

Niliruka nyuma. Gooong, tena. Niliruka mara ya pili bila kutazama nilikoelekea, na nilikoelekea ilikuwa meza, nikaketi juu ya keki, mzima mzima, kanzu ya posa na yote, nikahisi malai inavyopanda mgongoni. Mama alimwachia mwenye nyumba akapiga ukelele:

"Yu hai! Athumani, mfungue mtu huyo! Mfungue atakufa kwa kukosa pumzi!"

Na mimi, mwana mtiifu, nikainuka na keki yangu, nikalirukia turubai nikalivuta kwa mikono yote miwili. Uso ukanitazama, mweupe, wa mviringo, wenye tarakimu.

Saa. Saa kubwa ya kusimama, ile ndefu kama kabati, ya mababu zao, iliyopelekwa kwa fundi na kurudishwa siku ile kwa sababu nyumba ilikuwa inatarajia wageni wa heshima, na kwa kutikiswa mlima mzima ilikuwa imepata mori ikaanza kugonga kivyake. Na wale watu walikuwa wamevaa nguo zao nzuri nyeusi kwa ajili ya wageni haohao.

Mlango ukafunguka. Saidi, aliyetukosa kule chini, na suti, na maua mkononi, mvua inamdondoka.

"Kaka?" alisema. Akamtazama Mama. Akamtazama Zuhura sakafuni. Akatazama makalio yangu. "Kaka, wafanya nini kwa wakwe zangu?"

Nimewahi kutamani ardhi ipasuke mara kadhaa maishani, lakini ile ilikuwa sakafu ya mbao, nikaona hata ikipasuka nitaishia jikoni. Sikujifikiria mimi. Nilitazama uso wa mdogo wangu, nikaona ulivyosinyaa, na yule msichana wa nywele za majani makavu amemshika mkono, nikajua huyu ndiye Marit, na kwamba nimemvunjia ndoa kabla sijafungua mdomo kumposa.

Yule mzee wa kiko, niliyempokea bega njiani, akasogea mbele. Ndiye Mzee Nils. Alikuwa nyuma yangu njia yote akinitazama. Akasema na Saidi kwa lugha yao, polepole, Saidi akanigeukia bila kuinua macho.

"Auliza, Kaka, ulidhani ni nini."

"Maiti," nikasema.

Akatafsiri. Mtu mmoja akaanza kucheka, mzee akamnyamazisha kwa mkono.

"Auliza, maiti wa nani?"

"Sikujua."

"Basi auliza, umembeba kwa nini?"

Nilitafuta jibu la kisomi, lenye kichwa na miguu. Halikuja. "Alikuwa anapita," nikasema.

Saidi akayatafsiri. Mzee akatoa kiko mdomoni. Nikasikia malai inadondoka sakafuni kutoka kwangu. Halafu akamwambia mkewe maneno machache, na yule mama akaanza kulia upya.

"Asemaje?" Mama akauliza. "We Saidi, asemaje? Mbona wakawia?"

Saidi akamgeukia Mama. "Asema yeye amekuwa mzee, na mlima huu ni mrefu. Asema akimwoza Marit kwa mtu wa mbali, alichokuwa akiogopa ni kwamba siku yake ikifika mabega ya kumbeba yatapungua." Akajifuta uso kwa yale maua. "Asema sasa ameona mabega yatoka hata Mombasa. Mwana ni wetu."

Mama akapiga kigelegele kwa sauti ile ile aliyolilia, tofauti ni ndogo sana, na wale Wanorwe masikini wakavua kofia tena.

Posa sikuitamka kabisa, mimi mkuu wa posa. Ni kama niliposwa mimi, tena nikiwa nimepakwa keki. Na mimi bado ni mtu wa nyumbani, tena sasa zaidi. Jeneza likipita pale kwetu nainuka kama kawaida, thawabu siwezi kuiacha ikapita. Ila kabla sijatia bega nagonga ubao kwa kidole, taratibu, nikasikiliza. Likijibu, narudi kukaa.