Bibi Futi na Biblia Nne

Maisha haya ya Bibi Futi nilisimuliwa na wifi yake, mwaka mmoja baada ya mazishi, tukiwa barazani tunakunja vitambaa vya madhabahu. Sikuyaandika siku ile ile. Niliyapeleka kwanza kwa mchungaji mstaafu na kwa muuguzi wa zahanati, yakalingana, ndipo nikashika kalamu. Marehemu asingenisamehe kufanya vinginevyo.

Alizaliwa mwaka ule kanisa lilipoezekwa bati, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akabatizwa Jumapili ya Matawi kwa gauni lililoungwa kwa mabaki ya vitambaa vya wateja. Shule aliiachia darasa la tano, macho ya baba yake yalipofifia, akakalia kiti cha baba nyuma ya cherehani. Alikuwa mcheshi, mpole, na mwepesi mno wa kuamini. Ukimwambia mvua inakuja huku jua linawaka, alianua nguo.

Wito wake ulimjia kwa njia ya aibu. Akiwa na miaka ishirini na minne aliletewa vipimo vya majoho ya kwaya, waimbaji thelathini na wawili, vimeandikwa kwenye karatasi. Akakata kwa futi ya kitambaa aliyorithi kwa baba. Siku ya Pasaka kwaya iliingia ikiburuza mapindo, na baba mmoja wa sauti nene akajikwaa akaanguka mbele ya mimbari. Kumbe futi ilikuwa imevutika kwa miaka ya kutumika, na hakuna aliyewahi kuipima yenyewe. Alikunja upya mapindo yote kwa mkono, huku analia, huku anacheka. Tangu hapo alinunua rula ya chuma, na kila asubuhi, kabla ya kugusa mkasi, aliilaza futi juu ya rula na kusali, "Bwana, nisikate kabla sijapima." Watu wakamwita Futi, na alipoota mvi, Bibi Futi.

Jaribu kubwa lilimkuta akiwa na miaka hamsini na tisa, mjane, akiishi nyumba moja na wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Wifi alikuwa na kisukari na alijichoma sindano asubuhi na jioni. Akaja mhubiri mgeni mwenye sauti tamu, akahubiri uwanjani kwamba mwenye imani hagusi dawa, na kwamba imeandikwa hivyo katika Tito, sura ya saba. Siku ya pili wifi alirudi nyumbani uso unang'aa. Alikuwa amemkabidhi mhubiri sindano na dawa zake zote.

Bibi Futi naye alimwamini mhubiri. Alifungua Biblia asome kwa furaha mstari uliomponya wifi yake, akakuta Tito inaishia sura ya tatu. Hakumshuku mhubiri, aliishuku Biblia yake. Akadhani panya wamekula kurasa. Akaazima ya jirani muuza mkaa. Tatu. Akaenda kwa mchungaji, akaomba ya kwake na ile kubwa ya mimbarini. Tatu, tatu. Mchungaji akamkumbusha kwamba Luka alikuwa tabibu, na Paulo alimpenda hivyo hivyo.

Kesho yake alikwenda uwanjani, akapiga goti la adabu, akaomba aonyeshwe ile sura. Mhubiri akamwambia, "Mama, Roho haulizwi maswali."

"Baba, Roho sijamuuliza," akasema Bibi Futi. "Nimekuuliza wewe."

Watu walimgunia. Wateja wawili walikuja jioni ile ile kuchukua vitambaa vyao. Lakini lililomuuma lilikuwa kitandani: wifi amelala, midomo imekauka, anakunywa maji jagi kwa jagi na kiu haiishi. Hata hivyo utani haukumtoka. "Wewe na rula yako," alisema kwa sauti ya chini. "Hata Mungu unataka kumpima mabega?"

"Mungu sijampima, wifi yangu. Nimempima mhubiri, na amevutika."

Akazipanga Biblia nne juu ya shuka, zote wazi pale Tito inapoishia, akamwachia asome mwenyewe. Kidole cha wifi kilipita moja baada ya nyingine. Alipofika ya nne alinyoosha mkono, tayari kwa sindano. "Haya, mwite huyo muuguzi," akasema, "kabla ukaidi haujanirudia." Muuguzi alikuja na dawa, akasema wangechelewa siku moja zaidi asingekuwa na la kufanya.

Bibi Futi aliishi miaka kumi na minane zaidi. Hata alipolala kwa maradhi ya mwisho, waliomwambia kwamba wameoteshwa atapona aliwauliza kwa upole, "Kwa sura ipi, mwanangu?" Alifariki Jumatatu asubuhi, futi ikiwa shingoni. Wapo wanaosema kwamba saa ile mkasi wake uliwaka nuru. Wifi anacheka akisikia, kwa sababu alikuwepo: dirisha lilikuwa wazi na jua lilipiga pale. Muujiza anaoujua yeye ni kwamba anapumua. Na kinamama wa usharika wetu, neno likija kwa simu au kwa mdomo, hata likipakwa asali kiasi gani, huulizana kwanza, "Sura ya ngapi?" Nasi tumwige, tupime kwa upendo kama yeye, tukianza na futi zetu wenyewe.

Alipomaliza kunisimulia, wifi alijichoma sindano yake ya jioni, akajinyoosha mkekani, akataja zaburi anayoipenda na namba yake, akaniambia nisimwamini hivi hivi, nihakikishe. Nikafungua, nikatafuta. Nilipoinua kichwa nimwambie kwamba ndiyo, ni hiyo hiyo, alikuwa amekwisha lala, anakoroma.