Samaki Aliyezungushwa Mezani

Miaka ile ya ujamaa nilipelekwa Uchina, kwenye mji wa bandari, kujifunza kutengeneza plau. Kwetu Tarime tulilima kwa ng'ombe, na plau ikivunjika tulingoja nyingine itoke mbali. Mimi nilikuwa nimeshajifunza uhunzi kidogo pale Nkende, basi nikachaguliwa. Nilikwenda kifua mbele, nikidhani nitawaonyesha kazi.

Wiki ya kwanza tu fundi mmoja mzee akaninyoosha. Hakutumia kipimo chochote. Alitazama rangi ya chuma motoni, akasubiri, akakitumbukiza majini, na chuma hakikupinda wala kupasuka. Miezi minane nilisimama ubavuni mwake. Nilipokosea alinigonga vidole kwa mpini wa nyundo, na mimi nina hasira za karibu, lakini kwa mzee yule sikuwahi kununa hata saa nzima. Nilimpenda, basi.

Siku chache kabla sijarudi nyumbani alinialika chakula cha mchana hotelini. Nyama na samaki kule vilipatikana kwa vibali, na mkalimani wetu, dada mmoja aliyejifunza Kiswahili chuoni, alinidokeza kwamba mzee amekuwa akiweka akiba vibali vyake tangu majira ya baridi.

Hoteli niliipenda tangu mlangoni. Mpishi alirusha mboga hewani na kuzidaka kwa karai bila hata kuangalia. Meneja wa kiwanda chetu alikuwa kwenye foleni, bakuli mkononi, nyuma ya mfagizi. Kwetu ujamaa tuliuimba asubuhi na jioni, lakini bosi wa kupanga foleni nilikuwa sijamwona bado.

Samaki akaletwa mzima, kichwa kimenielekea mimi. Mkalimani alikuwa hajafika. Nikatulia, mikono mapajani. Katika boma letu kijana hagusi nyama mpaka mzee aonje. Anayemtangulia huonekana hakulelewa. Mzee naye alitulia, akitabasamu. Nikadhani sahani imewekwa vibaya, nikaigeuza kichwa kimwelekee yeye. Akairudisha. Nikaigeuza tena, safari hii kwa mikono miwili, nikainama kidogo. Akairudisha tena, na tabasamu halikuwepo.

Sisi Wakurya kwa ukaidi hatujambo. Niligeuza mara ya tatu.

Meza za jirani wakaacha kula, wakatutazama. Mchuzi ukaanza kuganda. Mpishi akatoka jikoni, akamwangalia samaki, akaniangalia mimi, akamsemesha mzee maneno mawili, na mzee akawa mwekundu mpaka masikioni. Hapo niliogopa kweli. Mtu aliyenipa ufundi wake wote alikuwa anaaibika mbele yangu, tena kwa chakula alichojinyima ili anilishe, na sikujua nimekosea wapi.

Mkalimani akaingia anahema. Baiskeli yake ilipata pancha. Mzee akamwambia jambo kwa sauti ya chini.

"Ndugu," dada akaniambia, "fundi anauliza, samaki wake ana kasoro gani?"

"Hana kasoro hata kidogo! Mwambie namngoja yeye. Mimi ni mtoto kwake, nitaanzaje?"

Dada akaziba mdomo kwa kiganja. "Hapa mgeni ndiye huanza, Ndugu. Kichwa kimekuelekea wewe. Kabla hujala, hakuna atakayegusa. Hata yeye."

Nikashika vijiti. Niliona aibu kana kwamba baba yangu amekaa pale ananitazama. Nikabana kipande karibu na shingo, kikaniponyoka, nikakiokota, nikala. Kilikuwa kimeshapoa, na sijawahi kula samaki mtamu vile. Nilisema hivyo kwa nguvu, kwa Kiswahili, na meza za jirani wakacheka bila kungoja tafsiri.

Mzee akachukua vijiti vyake. Nilitegemea atakula taratibu, kama alivyofanya kila kitu. Lakini aliinamia bakuli akala haraka, hakuinua macho mpaka wali ulipokwisha. Alikuwa na njaa. Muda wote ule niliokuwa namheshimu, mzee wangu alikuwa na njaa.