Winchi ya dukani ilivyonila vidole siku mama mkwe wa mwenzangu alipoingia

Wakuu, habari za muda huu. Hiki kilinikuta mwenyewe na sijatia chumvi. Mwenye moyo mwepesi aruke katikati.

Binti yangu kapata kazi supermarket moja Dodoma, upande wa stoo. Juzi kanipigia kwa furaha, "Baba, huku mizigo inanyanyuliwa na forklift!"

Nikamwambia hongera. Simu ilipokatika nikabaki nautazama mkono wangu.

Turudi Singida mjini, miaka ile ya ruksa ya biashara, maduka yameanza kujaa vitu. Nilikuwa kuli kwenye duka la jumla la Mzee Salum. Duka chini, stoo juu. Mizigo ilivutwa kwa kamba kupitia tundu la dari, wanaume wawili juu, mimi chini nashika gunia lisiyumbe.

Mzee akaleta winchi ya umeme ya kuvuta mizigo kwa waya, mtumba. Watu walikuja kushangaa. Mimi niliiogopa toka siku ya kwanza. Wale wa kamba mkono wako ukibanwa wanahisi mzigo umegoma, wanalegeza. Ile kitu haihisi chochote.

Juu akabaki mmoja, Njiku, Mnyaturu mwenzangu wa Mungaa. Button yake unaibonyeza muda wote, ukiachia winchi inasimama. Njiku akachoka kidole, akaifunga kwa mpira wa baiskeli ibaki imebonyea. Akitaka kuzima anaufungua.

Nilimlalamikia sana. Akanijibu, "We vipi, si mimi nipo hapa?"

Siku hiyo tunapandisha sukari. Nikapaza sauti, "Vuta!" Waya ulipoanza kukaza nikapitisha vidole kuuweka sawa, mazoea ya kamba yale. Ukavibana kwenye gunia.

Na hapo hapo anaingia mama mkwe wake Njiku, katoka Ilongero kununua sabuni.

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani, hata majina hawatajani. Njiku alichungulia tunduni, akamwona, akatimka kujificha nyuma ya maboksi. Winchi kaiacha inavuta.

"Zima! Njiku, zima!"

Njiku hakutoka. Alidhani ni utani, maana kila mama yule akija tulimwita Njiku makusudi ili aumbuke.

Nimesimama kwa ncha za vidole vya miguu, gunia linapanda, mkono unaelekea tunduni. Mzee Salum anahangaika kuifikia swichi kubwa ukutani, mabeseni yameiziba. Niliona kabisa mkono wangu unaondoka. Nililia wakuu, sioni aibu kusema.

Yule mama akatupa kikapu, akasimama chini ya tundu.

"Njiku! Wee Njiku! Toka huko, unaua mtu!"

Duka zima liliduwaa. Njiku naye akajua sio utani tena, kwa sababu mama mkwe hawezi kumtaja jina kwa mzaha. Akaja mbio kajifunika gunia usoni, akaung'oa mpira.

Hospitali waliuokoa mkono. Kidole cha kati na cha pete vilikatwa.

Baadaye wazee walimsema yule mama kwamba kavunja mila. Akawauliza, "Na mkono wa mtoto wa watu je?" Mpaka leo tukikutana, naanza na "shikamoo mama", yeye anaushika kwanza huu mkono mbovu, anaugeuza kuutazama, ndipo anaitikia marahaba.

Nilichojifunza: mashine ishikwe na mtu asiyeondoka, hata aingie nani. Na huo ujanja wa kufunga button, ukiuona kazini kwako, goma siku hiyo hiyo. Mimi nililalamika tu, kisha nikaendelea na kazi.

Jana nimempigia binti. Nikamuuliza, "Huyo anayeendesha forklift, wakwe zake wanakaa wapi?"

Alicheka mpaka simu ikamdondoka. Mimi sikucheka.

Mnaofanya kazi na hizi mashine, nipeni kingine cha kumuuliza. Usingizi sina.