Mafuta Niliyomtumia Mama Mkwe

Mimi hutengeneza losheni na mafuta ya nywele katika chumba kilicho nyuma ya duka langu hapa Emali, na kwa muda mrefu nilijiona fundi kweli kweli. Wateja wangu hupenda kuchovya kidole kwenye kopo la kuonjesha na kutazama kama losheni itasimama. Ikisimama, wananunua. Ikitiririka, wananiuliza kama nimeitia maji, utadhani kuna losheni isiyotiwa maji, na hapo subira yangu huisha upesi.

Kinachoifanya isimame ni kitu cheupe kinachouzwa kwa kilo, vipande vidogo vikavu kama mshumaa uliokwanguliwa kwa kisu. Kwenye gunia kimeandikwa setearili alkoholi. Mke wa mchungaji wetu aliwahi kusoma jina hilo kwenye kopo langu, akalirudisha mezani kwa vidole viwili. Nilimweleza kwamba hii haileweshi, wala haikaushi ngozi kama spiriti. Hutokana na mafuta ya mawese au ya nazi, na jina lile wamelipa wanakemia kwa sababu zao wenyewe. Kazi yake ni kulainisha ngozi, kusaidia maji na mafuta yasiachane ndani ya kopo, na kwenye nywele kukifanya kitana kipite bila ugomvi. Nilimhubiria hadi akanunua makopo mawili. Mimi mwenyewe niliiita nta nyeupe, ingawa si nta hasa, na niliipenda kama mpishi apendavyo kiungo kinachomletea sifa.

Sasa niseme habari za mama mkwe wangu. Anaishi karibu na Kyuso, analima ndengu, anafuga mbuzi, na huko jua linakausha kila kitu hadi mate. Mara tu biashara yangu iliposhika, nilimtumia kopo kubwa kupitia kwa mke wangu. Jibu lililorudi lilikuwa la shukrani nyingi. Alikuwa amejipaka akaenda kanisani, na wamama wote wakaambiwa kwamba mafuta yale yametengenezwa na mkwe. Nilitembea siku nzima kifua mbele.

Asiye Mkamba itabidi aelezwe jambo hapa. Kati ya mwanamume na mama mkwe wake kuna nthoni, ambayo ni aibu na heshima zikiwa zimefungwa pamoja kwenye leso moja. Hamshikani mikono. Hamli chakula mkitazamana. Akikuona unakuja njiani, anapinda kidogo pembeni, nawe unaangalia miti. Habari za mwili wake, kama vile amelala vipi, anaumwa wapi, ngozi yake ikoje, si zako. Sisi ni watu wa kanisa, tumeacha mila nyingi na tunajisifu kwa hilo, lakini nthoni haijaokoka, na sidhani itaokoka leo au kesho.

Kwa hiyo nilikuwa nampelekea mtu mafuta ya kujipaka mwilini, na mwili huo sikuruhusiwa hata kuufikiria. Sikuona tatizo. Mteja mwingine yeyote ningemwuliza, unajisikiaje, inavuta, inawasha? Kwake yeye nilitosheka na neno asante.

Mke wangu ni mwalimu, na kila akifunga shule huenda kwao. Aliporudi safari moja aliniambia kwamba mikono ya mama bado imekauka, tena imeanza kupasuka. Nilijibu kama bingwa. Nilisema Kyuso hata jiwe linahitaji losheni, na kwamba dawa ni kuiongeza uzito. Nikamtengenezea ya kwake peke yake, yenye nta nyeupe karibu mara mbili ya ile ninayouza. Ilisimama kwenye kidole kama kilele cha mlima. Asante ikarudi tena, ndefu kuliko ya kwanza, na nikapiga ripoti kwa majirani zangu wa duka kwamba nina mteja Kyuso asiyenunua kwingine. Sasa nikikumbuka maneno hayo nahisi masikio yakichemka.

Alipokuja Emali kutusaidia na mtoto mchanga, alikuja na kopo lake ndani ya kikapu, limebaki kidogo chini. Nilimpa mke wangu jingine ampelekee chumbani. Niliona kwamba anavaa sweta la mikono mirefu hata saa sita mchana, nikadhani ni uzee.

Siku moja nilirudi nyumbani kuchukua ufunguo niliousahau. Mke wangu alikuwa ametoka na mtoto kwenda kliniki. Nilisukuma mlango wa jikoni bila kubisha, kwa haraka zangu, nikamkuta mama mkwe ameketi kwenye kigoda, sweta limekunjwa juu ya viwiko, mikono yote miwili imezamishwa ndani ya karai la maji. Ilikuwa myekundu, imevimba, imemenyeka kama nyanya iliyomwagiwa maji moto. Katikati ya vidole kulikuwa na mipasuko yenye unyevu. Alikuwa amefumba macho, na midomo yake ilikuwa ikitembea.

Akafumbua macho. Aliivuta leso akafunika mikono ikiwa bado inatiririka maji, nami nikarudi kinyumenyume hadi nje, nikasimama mbele ya kamba ya nguo nikitazama nepi. Niliona aibu ya kumwona alivyokuwa. Kisha nikaona aibu nyingine, nzito zaidi, kwa sababu juu ya meza, kando ya karai, nilikuwa nimeliona kopo langu likiwa wazi. Alikuwa akiituliza mikono kwa maji ili aweze kujipaka tena.

Mke wangu aliporudi nilimvuta nyuma ya nyumba nikamwambia.

"Haiwezi kuwa mafuta yako," alisema. "Yeye husema inamsaidia."

"Wewe umeiona hiyo mikono?"

"Ananionyesha viganja tu. Anasema ni vumbi ya ndengu."

"Hapa Emali ndengu iko wapi?"

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema lolote kuhusu anayeficha maradhi kwa adabu. Mke wangu alimpeleka mama kliniki kesho yake. Mimi nilibaki dukani nikijifanya napanga makopo, hadi simu ikalia.

"Daktari anataka kujua ndani ya losheni kuna nini," mke wangu alisema. "Nimeweka simu kwa spika."

"Mama yuko hapo?"

"Ako hapa karibu na mimi. Taja tu."

Nikataja. Maji, mafuta ya alizeti, gliserini, kiunganishi, dawa ya kuzuia kuoza, setearili alkoholi. Nimezoea kuyasema majina hayo kwa mbwembwe, wateja wakitikisa vichwa. Siku hiyo niliyasema kama mtoto anayetaja majina ya aliowapiga. Nilisikia daktari akimwuliza mama amejipaka kwa muda gani, nikasikia sauti ya mama, ndogo, ikijibu kwa Kikamba kwamba tangu mkwe alipoanza kumletea. Hakutaja maumivu. Daktari akauliza kama yanawasha. Akauliza tena. Mke wangu akasema, "Mama, mwambie," na mama akasema kwamba mkwe wake ni mtu mwema.

Nilitamani sakafu ya duka ipasuke.

Daktari alisema aache kila kitu, ajipake mafuta mepesi ya mgando yasiyo na harufu, akampa na dawa ya kutuliza uvimbe. Ngozi ikitulia, alisema, tujaribu viungo vya losheni kimoja kimoja, kidogo tu, ndani ya mkono, chini ya plasta. Akaonya kwamba si lazima iwe losheni, watu huwashwa na vitu vingi. Nilishikilia maneno hayo ya mwisho kama mtu anayeshika tawi mtoni. Nilianza kulaumu sabuni ya kufulia. Nililaumu maji ya kisima cha Kyuso. Nililaumu hata sweta.

Shule ilipofungwa mke wangu alimrudisha kwao, akabeba vijikopo nilivyotayarisha, kila kimoja kimefungwa uzi wa rangi yake. Nta nyeupe nilikuwa nimeiyeyusha ndani ya mafuta ya alizeti, nikaifunga uzi mweupe, na nakiri niliitia kidogo kuliko vingine. Nilikuwa bado naitetea.

Picha iliingia kwenye simu yangu nikimhudumia mwanamke aliyetaka mafuta ya nywele za binti yake. Niliifungua bila kufikiri. Ulikuwa mkono wa mama mkwe wangu, upande wa ndani, ule mweupe kidogo usioonwa na mtu. Nikafunika simu kwa kiganja upesi. Mwanamke yule akanitazama vibaya, na bila shaka alifikiri ni picha ya aina nyingine. Nilimwuzia, nikafunga mlango, nikakaa kwenye ndoo.

Ilinibidi niikuze picha kwa vidole ili nione vizuri. Sijui namna ya kumweleza mtu asiye wa kwetu jinsi kitendo kile kidogo kilivyonifedhehesha. Mke wangu alikuwa ameuweka kila uzi kando ya alama yake. Nyekundu, safi. Buluu, safi. Zote safi, isipokuwa penye uzi mweupe, ngozi ilikuwa imevimba na kutoa malengelenge madogo.

Baadaye nilisoma na kuuliza. Nta ile haiwadhuru watu wengi. Iko kwenye losheni na mafuta ya nywele ya kila duka barabarani, na hata mimi naitumia hadi leo. Lakini wapo wachache ambao ngozi zao huikataa, na ngozi ikishaanza kupasuka hukataa zaidi. Mama mkwe alikuwa mmoja wao. Angekuwa mteja wa kawaida angenirudishia kopo siku ya tatu, anitukane, nimrudishie pesa, na mambo yaishe. Yeye aliyavumilia kwa sababu mimi ni mkwe, na alipozidi kuungua mimi nikamwongezea.

Mke wangu alijitolea kumweleza. Nilikataa. Nilisema nitakwenda mwenyewe, na nilipofika Kyuso nilijuta kusema hivyo. Mama alikuwa ndani ya jiko lake la udongo. Mke wangu aliingia kumwambia kwamba nataka kusema naye, kisha akatoka akaenda mbali kabisa, hadi kwenye zizi. Niliketi nje kwenye gogo, mgongo ukielekea ukuta. Yeye alikuwa upande wa pili wa ukuta huo. Nilisikia akipepeta ndengu kwenye ungo, na kwa sauti hiyo nilijua kwamba mikono yake inafanya kazi tena.

Nilimwambia yote. Kwamba ni kiungo kimoja, kwamba mimi ndiye niliyekiongeza, kwamba nilipaswa kuuliza na sikuuliza. Nikaomba msamaha. Sauti yangu ilikuwa ya ajabu kwangu mwenyewe.

Ungo ukanyamaza.

"Kwa hivyo ni hiyo mafuta tu?" akauliza.

"Ni hiyo tu, mama."

"Mungu hayuko ndani?"

Sikumwelewa. Nikamwambia hapana, ni kitu kinachotoka kiwandani.

Nilisikia akiuweka ungo chini. Kisha akaniambia, polepole, maneno ambayo mama mkwe hamwambii mkwe, na ninafikiri ni ukuta uliomwezesha. Alisema kwamba mimi hakunitaka. Alikuwa ameomba ndoa yetu ivunjike, ameomba kwa kufunga, hata baada ya mbuzi wa mahari kupokelewa. Nilipomtumia mafuta na mikono ikaanza kuwaka, alijua ni kwa nini: anapokea zawadi kwa mikono ambayo iliinuliwa kuniombea mabaya. Akaamua hataacha kujipaka. Kila alipojipaka aliniombea mema, mimi na kazi yangu, hadi moto upungue. Usipopungua, alijua moyo wake bado haujasafika, akaomba tena.

"Nimekuombea hivyo mpaka nikakuzoea," alisema. "Mpaka nikakupenda, mwanangu. Sasa unaniambia ni dawa ya kiwanda."

Nililia pale kwenye gogo, mtu mzima, huku kuku wakinitazama. Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha kwa mikono yake, na sasa nilikuwa nimepata kitu ambacho nilikihitaji sana bila kujua, na nilijua kilivyopatikana. Upendo ule ulikuwa umezaliwa ndani yake kwa kuunguzwa, na aliyewasha moto ni mimi. Sikuona namna ya kuupokea, wala namna ya kuurudisha.

"Basi niliomba bure?" akauliza kutoka ndani.

Nilimwambia si bure. Nilimwambia duka limesimama, mtoto anakua, na mimi niko hapa.

"Haya," alisema. Ungo ukaanza tena. "Lakini usilete mafuta mengine. Nitakuombea hivi hivi, mikono mikavu."