Leo Unafika Wapi

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi hapa Singe, nje kidogo ya Babati, mwanangu. Mama mkwe wangu aliingia chumbani na kikombe cha chai ya maziwa, akakiweka juu ya sanduku la nguo, kisha akasimama kunitazama kama fundi anayepima kitambaa kabla ya kukikata. Nilikuwa bado bibi harusi wa watu, sijapata hata mtoto wa kwanza. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umetolewa plasta juzi yake. Ulikuwa umekonda na kupauka, nikiutazama naona kama wa mtu mwingine.

"Leo unafika wapi?" akaniuliza.

Nikajibu bila kufikiri, "Nataka kufika kwetu, mama."

Akacheka kidogo. "Kwenu ni mbali. Nimekuuliza leo."

Ngoja nikueleze nilivyofika kwenye hali ile. Ulikuwa msimu wa kuvuna mahindi, tunarudi na trekta kutoka shambani Mutuka, sisi wanawake tumekaa juu ya magunia kwenye trela. Tairi likaingia kwenye korongo, trela likalala upande. Wenzangu waliinuka wakajipangusa vumbi. Mimi sikuinuka, gunia lilikuwa limeniangukia pajani. Hospitalini nililala muda mrefu, mguu umevutwa kwa kamba na vyuma vya uzito, natazama dari mpaka nikaijua kila doa. Baada ya hapo plasta, baada ya plasta nyumbani na magongo mawili.

Lakini mguu peke yake nisingeulilia vile. Kilichoniuma ni harusi. Kwetu ni huko juu, ukishapita Dareda ukapanda mlima, kwenye baridi. Huko alikuwepo mdogo wangu Martina, niliyembeba mgongoni tangu mimi mwenyewe sijatimiza umri wa kubeba mtu. Alikuwa anaolewa baada ya mavuno ya huko, ambayo huchelewa kuliko ya huku, na alikuwa ameniomba niwe matroni wake, nisimame kando yake altareni. Nguo yangu ilishashonwa, ya rangi ya samli, imetundikwa ukutani ninapoiona kila nikifumbua macho. Nikajiapiza kwamba nitaingia kanisani kwa miguu yangu miwili, bila gongo, ili wale waliokuwa wakisema binti wa watu ameshuka Babati kuolewa akaishia kilema, wanyamaze.

Hilo ndilo lilikuwa lengo langu, mwanangu. Siku hizi nawasikia mkiyaandika malengo yenu kwenye simu kila Januari, nami natabasamu, kwa sababu naijua ile raha ya kulitazama jambo kubwa ukiwa umekaa. Kila nilipotolewa nje nikaona ule ukuta wa milima upande wa magharibi, moyo wangu ulishapanda kule juu zamani, umeniacha na mguu wangu uani.

Mama mkwe, wengi walimwita Mama Paulo kwa jina la mume wangu, hakuwa mtu wa maneno mengi. Paulo alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mbali, akirudi Jumamosi tu, kwa hiyo siku nyingi tulibaki wawili. Alikuwa anakamua ng'ombe, ananiletea chai, kisha ananiuliza lile swali lake. Siku ile ya kwanza, nilipoona hataondoka bila jibu, nikasema kwa kununa kwamba nitafika mlangoni. Akatoka. Nilipojikokota na magongo mpaka mlangoni, nikakuta ameshaweka kigoda pale kizingitini, na juu yake ametandika kanga iliyokunjwa.

"Umefika," akasema. "Kaa."

Nikakaa. Nilitaka kuendelea mpaka uani, lakini alinikataza. Kesho yake kigoda kilikuwa jikoni. Baadaye kilihamia kwenye mpera, kisha karibu na zizi. Alikuwa anakibeba mwenyewe mapema, kabla sijatoka. Nikifika, lazima nikae, na lazima niseme nimefika, hata kama kutoka nilipoanzia mtu anaweza kunipa chumvi mkononi. Kwa kweli nilikuwa naona ananidhalilisha. Mtu ana safari ya kupanda mlima, wewe unamsifu kwa kufika zizini.

Siku zikawa zinakwenda. Jirani mmoja akapita kunisalimia, akaniambia amesikia kwetu wameshaanza kuchagua ng'ombe wa harusi. Hakuwa na nia mbaya. Ila baada ya yeye kuondoka sikuweza hata kula. Kigoda siku hiyo kilikuwa mwisho wa uzio, na mama mkwe alikuwa amekwenda kwenye sala ya jumuiya. Nilikifikia kigoda, nikakitazama, nikakipita. Nikaliegemeza gongo moja kwenye uzio nikaliacha. Nikasema leo nafika barabarani, nione kama kweli nitashindwa.

Njia ya kwenda barabarani ilikuwa inashuka. Hatua za mwanzo zilinipa furaha ambayo sijui nikuelezeje. Nilisikia upepo usoni, nikaona mabua makavu kwenye mashamba ya watu, nikajiona nipo kanisani. Halafu mguu ukakunjika kama si wangu, nikaanguka mtaroni.

Wanawake waliokuwa wanatoka bombani ndio walionibeba na blanketi. Mama mkwe alipofika alinikuta kitandani, goti limevimba. Sikulia mpaka nilipomwona yeye. Alifunua ule mguu, akauangalia, akaufunika tena. Kwanza alisema maneno mazito kwa Kiiraqw, lugha aliyoirudia kila alipokuwa na uchungu. Kisha akarudi kwenye Kiswahili, polepole.

"Wewe unaitaka harusi," akasema. "Mguu huutaki."

Nikamwambia nautaka, mama, ndiyo maana nimejaribu.

"Hapana. Ungeutaka ungeusikiliza. Harusi ni ya Martina, itafika kwa siku yake uwepo usiwepo. Mguu ni wako, utaishi nao ukiwa bibi kama mimi. Umekiona kigoda?"

"Nimekiona."

"Basi kilikuwa kinakwambia nini?"

Akatoka kwenda kutafuta gari la kunirudisha hospitali.

Mfupa ulikuwa umetikisika, haukuvunjika upya, lakini daktari alisema nirudi kitandani, nisiukanyagie mpaka atakapouona tena. Hapo harusi ikawa imenipita. Paulo alipanda mlima peke yake kupeleka habari, na Martina akatafuta mtu mwingine wa kusimama naye.

Siku ya harusi, mwanangu, ndiyo siku ninayoifikiria mara nyingi zaidi katika maisha yangu, na wala sikuwepo. Mama mkwe alikuwa amealikwa, angeweza kwenda akala na kucheza kama mkwe anavyostahili. Hakwenda. Aliniogesha, akanisuka. Akaitoa ile nguo ukutani.

"Ya nini sasa, mama?" nikamuuliza.

"Nguo imeshonwa ivaliwe."

Akanivalisha. Yeye naye akavaa kitenge chake kizuri. Akaniegemeza begani, tukatoka kidogo kidogo mpaka nje, akanikalisha kwenye kiti chenye mgongo, mguu juu ya mto, uso kuelekea milimani. Yeye akakaa pembeni. Tulikunywa chai. Akawa anasema mara moja moja, bila kunitazama, "Sasa watakuwa wameingia kanisani." Baadaye, "Sasa padri amemaliza." Na baadaye sana, "Sasa wanacheza." Mimi nilikuwa nalia, yeye ameushika mkono wangu kama mtu ameshika kitu cha kawaida. Kule juu kulikuwa na wingu dogo tu. Mpaka leo nikiona wingu la namna ile kiangazi, najikuta natafuta mahali pa kukaa.

Niliporuhusiwa kusimama tena, lile swali likarudi asubuhi pamoja na chai. Safari hii nilikuwa najibu kwa kufikiri. Kabla sijajibu nilikuwa nauweka mguu chini, nausikia umeamkaje. Siku nyingine nilisema jikoni. Siku nyingine nikasema, "Mama, leo ni hapa hapa." Naye akasema sawa, akaenda zake shambani, hakunionyesha uso wa kukasirika. Nilipopata nguvu kidogo akaanza kunipa kitu cha kubeba: majivu ya kumwaga bustanini, kikombe cha maziwa cha kumpelekea jirani. Nikagundua kwamba ukienda mahali kwa sababu unahitajika huko, njia inapungua.

Ipo siku nilitoka na nia ya kufika kwa yule jirani, nikakuta mama mkwe amekirudisha kigoda nyuma, kipo kwenye mpera. Alikuwa ameniona nikivaa viatu, jinsi nilivyoiuma midomo. Zamani ningemchukia. Siku hiyo nilikaa, nikamshukuru, na tulichambua maharage pale pale mpaka jua likazunguka.

Mvua zilipokaribia kuisha, nilikuwa natembea bila gongo. Nikaenda kwetu. Nilipanda basi mpaka juu, nikashuka, nikatembea ile njia yote ya kwenda kwa baba, katikati ya mashamba, taratibu. Nilikuwa nimeiota safari hiyo kitandani siku nyingi kiasi kwamba kila kona niliifahamu kabla sijaifikia. Baba nilimkuta uani anapiga maharage kwa fimbo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja? Ingia ndani, mama yako ameweka chai."

Akaendelea na maharage yake. Hakuutazama mguu. Kwao, ile habari ya kuvunjika ilikuwa ya zamani. Walioniona njiani walinisalimu tu wakapita, na yale maneno niliyotaka kuyanyamazisha hakuna aliyeyakumbuka, labda hata walioyasema walishasahau kama waliyasema. Martina alishahamia kwa mumewe, mbali upande wa Karatu. Kitanda chake walikuwa wamekiwekea mahindi.

Sikuhuzunika sana, usinielewe vibaya. Nilifurahi kumwona mama, nililala vizuri kwenye ile baridi ninayoijua. Ila asubuhi niliamka mapema, nikausikiliza mguu kama nilivyozoea, nikangoja. Nilikuwa nimeshajua jibu langu la siku hiyo, lakini hapakuwa na mtu wa kuniuliza. Nilirudi Singe kabla ya siku niliyoaga kurudi. Mama mkwe alinikuta mlangoni akashangaa.

"Mbona haraka? Kuna tatizo huko?"

"Hakuna. Nimekukumbuka."

Akanipokea mzigo. "Basi ingia," akasema, na macho yake akayapeleka pembeni.

Alikaa nasi miaka mingi. Aliwabeba watoto wote niliowazaa, na alipochoka kutembea nilimtembeza mimi. Tulimzika hapa hapa, upande wa shamba la mahindi. Wanangu wameondoka, mmoja yuko Arusha, wengine Dodoma, na Paulo naye ametangulia. Singe imejaa nyumba sasa, kutoka uani kwangu milima naiona kwa kipande tu, katikati ya mabati ya watu. Mguu unauma ukifika msimu wa baridi. Nisingeuita uzee wa shida, Mungu amenipa vingi nilivyoomba. Lakini nikikaa peke yangu sivitamani vile nilivyovipata. Ninatamani asubuhi zile za kupigania uwanja mdogo kutoka mlangoni hadi zizini, na mtu mmoja anayetaka kweli kujua.

Kwa hiyo mwanangu, sikukatazi kutaka jambo kubwa. Litake. Ila chunguza kwanza kama unalitaka wewe, au unataka watu fulani wanyamaze, maana watu hao watakuwa wameshahamia habari nyingine siku utakayofika. Ukishajua ni lako, likatie kipande cha leo, na kipande hicho ukipime kwa nguvu ulizoamka nazo, usikipime kwa hasira ya jana wala kwa mbio za mwenzako. Ukikimaliza, kaa chini ukubali kwamba umefika. Vijana wengi hamkai, ndiyo maana mnachoka mapema. Ukikuta siku imekuzidi, sogeza alama nyuma bila kujitukana, kesho utaianza ukiwa bado unaipenda kazi yako. Liweke pia lengo lako karibu na mahali unapohitajika, lisiwe jambo la kukaa unalitazama. Na likikupita, kama lilivyonipita mimi, livalie nguo yake, lilie, halafu uendelee na mguu ulio wako.

Zaidi ya yote, usikose mtu mmoja wa kukuuliza asubuhi. Kama unaye leo, mthamini akiwa bado anaingia chumbani kwako, usisubiri mpaka ubaki peke yako kama nilivyobaki mimi. Na kama huna, kuwa wewe mtu huyo kwa mwingine.

Mungu aliyekuumba akupe nguvu ya kutosha siku unayoishi, akupe subira na mwili wako, na akuweke mikononi mwa watu watakaofurahi ukiwa umesogea hata kidogo. Akufikishe mwanangu, na njia yenyewe iwe tamu kwako wakati bado unaitembea. Amina.